Waliofundishwa Kuhukumu: Habari za Walikale

Siku hizi katika parokia zetu za Kivu si ajabu tena kumsikia mzazi akisema, "Mtoto wangu yuko mjini, anasomea sheria." Wengine humcheka, wakisema kwamba mtoto huyo amekwenda kujifunza uongo, maana wakili ni mtetezi wa wezi. Wengine humwonea wivu, wakidhani kwamba jamaa yake wamepata mtu wa kuwashindia mashauri ya mashamba. Lakini ni wachache wanaojua jinsi elimu hiyo ilivyo changa katika nchi yetu. Wako wazee wanaosali pamoja nasi kila Jumapili ambao walizaliwa wakati hapakuwa bado na mahakimu Wakongo waliosomea kazi hiyo katika chuo kikuu. Na hata hivyo watu walikamatwa, walishtakiwa, walifungwa. Basi tuulize: ni nani aliyewahukumu watu wa Walikale zamani, naye alifundishwa na nani?

Walikale ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Karibu yote ni msitu, na humo wanakaa Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega na wengine. Kabla ya Wazungu kufika, mashauri yalikatwa na wazee pamoja na wakuu wao. Gereza halikuwapo. Mwenye kosa alilipa mali, au alifukuzwa katika kijiji, na kufukuzwa msituni haikuwa adhabu ndogo. Sitaki kusema kwamba mambo yote ya wakati ule yalikuwa mema. Katika sehemu nyingi za Kongo mtu aliyedhaniwa kuwa mchawi alinyweshwa mwavi: akitapika, hana kosa, akifa, alikuwa nalo. Huo si uchunguzi.

Lakini jambo moja lilijulikana vema, kwamba mwenye kosa hana budi kusikilizwa mbele ya watu. Wanyanga wana hadithi yao ndefu ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck, mtaalamu kutoka Ubelgiji, aliipokea mwaka 1956 kutoka kinywani mwa msimuliaji na kuitoa katika kitabu mwaka 1969. Humo Shemwindo, mkuu aliyetaka kumwua mwanawe tangu kuzaliwa, anakimbia, anafuatwa, na mwishowe anarudishwa nyumbani. Mwindo angeweza kumaliza mambo kwa nguvu zake. Lakini haikuwa hivyo. Watu wote wanaitwa, baba anaketi mbele yao, anakiri ubaya wake kwa kinywa chake mwenyewe, kisha nchi inagawanywa kati yake na mwanawe. Msimuliaji wa zamani hakusoma kitabu cha sheria hata kimoja, lakini alijua kwamba kabla ya kukata shauri, neno la mshtakiwa lipate kusikika.

Ikaja serikali ya Wabelgiji, ambayo wazee waliiita Bula Matari. Kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926 serikali hiyo iliyapanga mabaraza ya wenyeji, yaani mabaraza ya machifu, ya sekta na ya teritwari. Waliokaa hapo kuhukumu walikuwa machifu na wazee wao, nao walifuata desturi za kabila, mradi desturi hizo zisipingane na amri za serikali. Mashauri yenyewe yalikuwa yale yale tunayoyajua hata leo: mahari, mipaka ya shamba, mbuzi walioibwa, matusi, mke aliyerudi kwao. Kando ya wazee hao aliketi karani, na mara nyingi karani ndiye mtu pekee aliyejua kuandika. Alikuwa kijana aliyetoka shule ya misioni. Yeye ndiye aliyeandika katika daftari kubwa jina la mshtaki na la mshtakiwa, maneno ya kila mmoja, hukumu na malipo. Mimi nadhani karani huyo ndiye mwanafunzi wa kwanza wa sheria katika misitu yetu, ingawa hakuna aliyempa diploma.

Mabaraza hayo hayakuruhusiwa kukata mashauri makubwa. Mwenye kuua alipelekwa mbele ya hakimu Mzungu, mbali. Na makosa madogo juu ya amri za serikali yalikwenda kwa hakimu wa polisi, ambaye alikuwa msimamizi wa teritwari mwenyewe. Lifikirini jambo hilo. Mtu yule yule aliyetoza kodi, aliyeamuru barabara ilimwe na mashamba ya lazima yalimwe, ndiye aliyemhukumu yule asiyelipa kodi na asiyetokea barabarani. Asubuhi alikuwa mkubwa wa kazi, mchana alikuwa hakimu. Mshtakiwa angemwambia nini?

Tena ilikuwapo adhabu isiyohitaji hakimu kabisa. Kwa amri ya mwaka 1910 serikali iliweza kumhamisha mtu yeyote aliyedhaniwa kuvuruga amani, ikampeleka mbali na kwao, bila shauri, bila shahidi, bila mtetezi. Barua tu iliandikwa na wakubwa, ikatiwa sahihi, mtu akaondoka. Watu wa upande wetu waliijua adhabu hiyo kwa sababu ya Kitawala. Mwaka 1944, vita ya pili ya dunia ikiendelea na wanakijiji wakilazimishwa kuvuna mpira wa msituni kwa ajili ya vita hiyo, Wakumu waliofuata Kitawala, wakiongozwa na Bushiri, waliasi kati ya Masisi na Lubutu. Askari walipelekwa, uasi ukazimwa kwa damu. Na katika miaka ile wafuasi wengi wa Kitawala, wa huku na wa sehemu nyingine za Kongo, walihamishwa, wengine wakawekwa katika makambi kama ya Kasaji na Ekafera, wengine pamoja na jamaa zao. Misioni zetu hazikuipenda Kitawala, na sababu zake zinajulikana. Lakini msomaji mwenye akili aweza kuyakataa mafundisho ya mtu na bado kuuliza kama mtu huyo alisikilizwa.

Kitabu cha makosa na adhabu kilikuwapo. Kilitolewa kwa amri ya tarehe 30 Januari 1940, na mpaka leo ndicho msingi wa sheria hiyo katika Kongo, ingawa kimerekebishwa mara nyingi. Kiliandikwa kwa Kifaransa na watu waliosoma Ulaya. Aliyehukumiwa nacho hakuweza kukisoma, wala mtoto wake hakuweza kwenda mahali popote katika nchi yake kufundishwa maana yake. Serikali ilitaka makarani, walimu, waganga wasaidizi. Wanasheria haikuwataka, nami naona sababu si ngumu kuitambua: mwanasheria ni mtu wa kuuliza, "Kwa amri gani?"

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kikiwa mtoto wa chuo cha Kikatoliki cha Leuven huko Ubelgiji. Hata hivyo mmoja wa Wakongo wa kwanza kusomea sheria, Marcel Lihau, mzaliwa wa Bumba, alisomea Leuven kwenyewe, akisaidiwa na mapadre Wajesuiti waliomhurumia. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, mahakimu Wabelgiji wengi waliondoka kwa haraka, na viti vyao vikabaki vitupu. Ikabidi watafutwe watu kutoka nchi za mbali. Wengi walitoka Haiti, kwa kuwa walijua Kifaransa. Mwaka 1961 shule ya taifa ya sheria na utawala ilifunguliwa Léopoldville ili kuwafundisha Wakongo upesi upesi. Mwaka 1963 Lihau akawa mkuu wa fakulte la sheria la Lovanium, na mwaka 1968 akawekwa kuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1975 alikataa kuwapa adhabu kali wanafunzi walioandamana. Akaondolewa mara moja na kufungiwa nyumbani kwake. Wanafunzi wa sheria wa leo wangefaa kulijua jina lake kuliko wanavyolijua.

Lakini yote hayo yalikuwa ya Kinshasa. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na mafundisho ya sheria yakawekwa katika mji mkuu. Kijana wa Walikale aliyetaka kuwa hakimu ilimpasa kuvuka Kongo nzima. Ni wangapi walioweza? Ni baada ya chuo hicho kimoja kugawanywa tena mwaka 1981 ndipo watu wa Kivu walipoanza kujijengea vyuo vyao. Makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha chuo Goma mwaka 1985, nacho huitwa ULPGL. Mwaka 1989 Wakatoliki walianzisha viwili, cha Bukavu na cha Graben huko Butembo. Goma pia ikapata chuo cha serikali. Vyuo hivyo vilianza vikiwa vidogo sana, na vikaanza wakati mbaya. Mwezi wa Machi 1993 vita ya makabila ilizuka katika soko la Ntoto, hukohuko Walikale, ikaenea mpaka Masisi. Mwaka uliofuata wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, kisha vita za 1996 na 1998. Walimu walifundisha sheria ya makosa ya jinai huku bunduki zikisikika.

Huenda msomaji hajaona chuo kidogo kama hivyo kinavyofundisha. Walimu wa kudumu ni wachache. Profesa husafiri kutoka Kinshasa au Kisangani, hufika akiwa na mafundisho yake yote, huyafundisha kwa juma mbili asubuhi na mchana, hutoa mtihani na kurudi. Vitabu ni haba, basi mwanafunzi hununua silabusi, yaani karatasi za mafundisho zilizopigwa chapa na kushonwa pamoja, na asiye na fedha huazima ya mwenzake usiku. Kwa miaka mingi mafundisho yalichukua miaka 3 ya kwanza na 2 ya mwisho. Siku hizi utaratibu umebadilishwa. Mwanafunzi hujifunza kwanza makosa kwa ujumla: ni kitendo gani kiitwacho kosa, na kwamba hakuna adhabu bila sheria iliyotangulia. Kisha hujifunza kila kosa kwa jina lake. Kisha huja sehemu ambayo wengi huiona kavu, nayo ni namna ya kuendesha shauri: nani aweza kumkamata mtu, kwa muda gani, nani amwulize, nini kiandikwe.

Sehemu hiyo kavu ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo. Mtu akishtaki huko Walikale, wa kwanza kumsikiliza ni polisi wa upelelezi, ambaye kila mtu kwetu humwita OPJ. Yeye huandika karatasi iitwayo PV. Karatasi hiyo huandikwa kwa Kifaransa. Mwenye kusema husema kwa Kiswahili, au kwa Kinyanga, na mwingine hutafsiri. Sasa mama mmoja aseme, "Walinichukua kwa nguvu." Maana yake nini? Aweza kusema kwamba walimbeba msituni. Aweza kusema kwamba walimbaka, naye anaona haya kulitaja jambo kwa jina lake mbele ya kijana mwenye kalamu. Katika kitabu cha sheria hayo ni makosa mawili yenye adhabu mbalimbali. OPJ asiyefundishwa ataandika lile la kwanza, kwa sababu ndilo neno alilolisikia, na miaka mitano baadaye wakili wa mshtakiwa atasimama na kusema: karatasi hii haina habari ya kubakwa. Naye wakili atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Na huku Walikale jambo hilo si la kufikiriwa tu. Tangu tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha wapatao 200 au zaidi waliingia katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi. Luvungi ndicho kijiji ambacho jina lake lilijulikana duniani. Walikuwa Mai-Mai wa Ntabo Ntaberi Sheka, pamoja na FDLR na kundi la kanali mmoja aliyeasi jeshi. Waliiba katika nyumba zaidi ya 900, wakawachukua watu 116 kuwabebesha mizigo, wakabaka. Taarifa ya kwanza ya Umoja wa Mataifa, ya Septemba mwaka ule, ilihesabu waliobakwa kuwa 303. Taarifa ya mwisho, ya Julai 2011, ilihesabu 387: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Hesabu iliongezeka kwa sababu watu walikuwa wamejificha msituni, na kwa sababu wengine walihitaji miezi kabla ya kuweza kusema.

Sheria haikukosekana. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilikuwa zimekwisha kuirekebisha sheria ya 1940 na ile ya kuendesha mashauri. Zinasema kwamba uchunguzi wa kwanza wa kosa la namna hiyo usizidi mwezi mmoja, na shauri likatwe kwa muda wa miezi mitatu. Zinasema kwamba mganga aitwe. Zinasema kwamba mwenye kosa hawezi kulipa faini kwa parke na shauri likaishia hapo. Wale wanaomaliza mambo ya binti zao kwa mbuzi, usiku, nyumbani kwa chifu, walijue hilo.

Kumbe, miezi mitatu ikawa miaka kumi. Kamanda mmoja wa Sheka alikamatwa Oktoba 2010, akafa gerezani kabla ya kuhukumiwa. Mwezi wa Januari 2011 hati ya kumkamata Sheka mwenyewe ilitolewa, naye mwaka uleule akagombea ubunge, akiwa na bunduki zake msituni. Mashahidi waliona jambo hilo, wakaogopa, na haki yao waogope. Mwisho, Julai 2017, Sheka alijitoa mwenyewe kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Shauri lake lilianza Goma tarehe 27 Novemba 2018 mbele ya mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kaskazini, likakatwa tarehe 23 Novemba 2020: kifungo cha maisha, kwa makosa ya vita, ambayo kati yake ni kuua, kubaka, kuwafanya wanawake watumwa na kuwaingiza watoto vitani. Mkubwa mmoja wa FDLR alipata adhabu ileile.

Wengi waliuliza wakati ule, na nimesikia swali hilo hata nje ya kanisa: kwa nini mtu kama huyo apewe mawakili? Kwa nini fedha na muda vipotee kumsikiliza, hali kila mtu wa Walikale anajua alichofanya? Ni swali la watu walioumia, silidharau. Lakini ndilo swali ambalo chuo humfundisha mwanafunzi wake kulijibu. Tulikwisha kuona katika nchi hii adhabu iliyotolewa kwa barua bila shauri. Kilichotofautisha hukumu ya 2020 na barua zile ni kwamba mshtakiwa alikuwapo, alikana, mawakili wake waliwauliza mashahidi, na watu waliotoka vijijini walisema mambo yao mbele ya mahakimu, wengine uso na jina vikifichwa. Hukumu iliyopita katika moto huo ina nguvu. Nami naona kasoro moja ambayo wanafunzi hufanya vema kuijadili: mahakama ya namna ile, kwa sheria ya kijeshi ya 2002, haina rufaa. Mtu akihukumiwa hapo, hawezi kwenda mbele zaidi. Leo tunafurahi kwa kuwa aliyehukumiwa ni Sheka. Kesho aweza kuwa mtu mwingine.

Tena tusifiche kwamba kazi hii yote yaweza kuvunjwa kwa siku moja. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Gereza la Munzenze lilivunjwa, wafungwa wakatoka kwa maelfu, na wanawake wengi waliokuwa humo walibakwa na kuteketea kwa moto. Mahakama za serikali zilisimama. Machi mwaka uleule wapiganaji hao walifika hata Walikale mjini, wakakaa juma mbili hivi, wakaondoka Aprili. Mafaili ya mashauri, yaliyoandikwa kwa taabu ile niliyoieleza, hayana miguu ya kukimbia.

Liko jambo moja ambalo bado linaendelea. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliwapa haki ya kulipwa fidia watu waliobakwa katika vita na walioumizwa kwa makosa makubwa dhidi ya amani, na mfuko wa taifa uitwao FONAREV ukawekwa kwa kazi hiyo. Ili mtu alipwe, hana budi kutambuliwa kwanza. Yule ambaye maneno yake yaliandikwa vizuri mwaka 2010 ana karatasi. Yule aliyebaki msituni, au aliyeandikiwa nusu ya alichosema, ataulizwa upya, kwa Kiswahili au kwa Kinyanga, na jibu lake litaandikwa kwa Kifaransa.